Mto Sondu Ulikuwa Ukitiririka, Mbona Kisumu Ilikuwa Gizani?

Swali la leo limetoka kwa mama mmoja anayefanya biashara ya samaki Dunga, Kisumu, mwenye friza mbili kubwa na wateja walioenea hadi Kericho. Nalinukuu kwa ufupi: “Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea nchi nzima, nami nikakesha nikipiga hesabu ya samaki watakaoharibika. Jambo ambalo sijalielewa hadi leo ni hili: kituo cha Sondu Miriu kiko hapa Nyakach, na mto haukuwa umekauka. Kwa nini hakikuendelea kutuwashia sisi wa Kisumu, hata kama Nairobi ilikuwa imezimika? Au ni kweli wanavyosema watu kwamba umeme wetu wote hupelekwa Nairobi?”

Mama, nianze na hilo la mwisho kwa kuwa halichukui muda. Umeme hauchagui mji kwa ukubwa wa jina lake. Kituo cha Sondu Miriu kimeunganishwa na Kisumu kwa njia ya kilovolti 132, na umeme unaotoka pale huliwa kwanza na watumiaji walio karibu, yaani Kisumu na viunga vyake pamoja na upande wa Homa Bay. Kwenye karatasi, KenGen, kampuni inayozalisha umeme huo, huuuza kwa jumla na malipo yake huingia katika hesabu ya taifa zima, na pengine hapo ndipo uvumi ulipoanzia. Kwenye nyaya zenyewe mambo ni kinyume: kwa saa nyingi ni Kisumu inayopokea umeme kutoka mashariki, hasa ule wa mvuke wa ardhini wa Olkaria, kwa sababu mahitaji ya magharibi ya Kenya ni makubwa kuliko yanayozalishwa huku.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe, ambalo si dogo. Wengi hudhani kwamba Sondu Miriu ni bwawa, na kwamba bwawa ni kama tangi la maji juu ya paa: ukifungua bomba unapata, ukifunga yanakungoja. Sivyo. Mto Sondu, ambao ukifika chini watu huuita Miriu, hukusanya maji kutoka msitu wa Mau, ukapita Kericho na Bomet, kisha ukateremkia nchi ya Nyakach kuelekea ghuba ya Winam. Pale juu ya mteremko kimejengwa kizuizi kisicho kirefu, ambacho kazi yake si kuhifadhi maji ya miezi mingi bali kuyageuza njia. Maji huingia katika handaki lenye urefu wa kilomita 6.2 lililochimbwa ndani ya mlima, yakatoka upande wa pili, yakaporomoka ndani ya bomba la chuma hadi kwenye jumba la mitambo, ambako kuna turbini mbili, yaani magurudumu yanayozungushwa na maji, kila moja ikiendesha jenereta ya megawati 30. Ujenzi ulianza mwaka 1999 kwa mkopo wa Japani, ukakwama, ukarejelewa, na kituo kikaanza kazi rasmi mwaka 2008. Maji yakishamaliza kazi hapo hayarudi mtoni moja kwa moja, bali hupelekwa kwa mfereji hadi kituo cha Sang’oro, ambacho tangu mwaka 2012 huyatumia tena kupata megawati 21 hivi. Kwa hiyo Sondu Miriu ikisimama, Sang’oro nayo hukosa maji.

Nguvu yote iko katika kimo, wala si katika wingi wa maji yaliyotuama. Kituo kikiwa katika uwezo wake kamili, maji kama mita za ujazo 40, ambazo ni tani 40, hupita kila sekunde, na huanguka kimo kinachokaribia mita 200. Ukizidisha uzito huo kwa kimo hicho unapata nguvu ya megawati 77 hivi. Ukitoa sehemu inayoliwa na msuguano wa handaki na bomba, na ile inayopotea ndani ya turbini na jenereta, unabaki na zile 60 zinazotajwa. Linganisha na Masinga kwenye mto Tana, bwawa ambalo lilijengwa likiwa na uwezo wa kubeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 1.5 za maji, lakini mitambo yake ni ya megawati 40 tu. Masinga ni ghala: umuhimu wake ni kuvilisha maji vituo vilivyo chini yake wakati wa kiangazi. Sondu Miriu haina ghala. Mvua zikinyesha Mau mwezi wa Aprili na Mei, mitambo yote miwili huzunguka. Ukifika Januari au Februari na mto ukapungua, huenda ukakuta mmoja tu unafanya kazi, tena si kwa nguvu zake zote. (Wazee wa Nyakach waliokuwa wakiyaona maporomoko ya Odino kabla ya mto kugeuzwa wana maoni yao kuhusu maji yaliyoondolewa pale, na hawana makosa kuyasema, lakini hilo ni swali la siku nyingine.)

Basi tuseme usiku ule mto ulikuwa na maji ya kutosha mitambo yote miwili. Kwa nini bado giza?

Jenereta zote zilizounganishwa kwenye gridi ya taifa, yaani mtandao wa nyaya unaounganisha vituo na watumiaji nchi nzima, huzunguka kwa hatua moja, kama watu wanaovuta kokoro kwa kuitikia wimbo mmoja. Gitaru kule Tana, Olkaria kwenye Bonde la Ufa, Turkwel mpakani mwa Pokot na Turkana, na Sondu Miriu yetu, zote hutoa umeme unaobadilisha mwelekeo mizunguko 50 kwa sekunde. Idadi hiyo hubaki 50 iwapo umeme unaozalishwa sasa hivi ni sawa na unaotumiwa sasa hivi. Nasema sasa hivi kwa sababu waya hauhifadhi kitu. Watumiaji wakizidi, mitambo yote nchini huelemewa kwa pamoja na kupunguza mwendo. Watumiaji wakipungua ghafla, yote huongeza mwendo. Kila mtambo una kidhibiti mwendo ambacho hufungua au kufunga njia ya maji au ya mvuke ili kurudisha hali, na kila mtambo pia una mlinzi wake, ambaye mizunguko ikitoka nje ya mipaka iliyowekwa huutoa kwenye gridi ili usiharibike. Hapo ndipo balaa huzaliwa. Mtambo mmoja ukijiondoa, mzigo wake huangukia wale waliobaki. Wakielemewa, mwingine hujiondoa, kisha mwingine, na yote hayo huweza kutokea kabla hujamaliza kutafuta kiberiti.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa tarehe 7 Juni 2016. Tumbili mmoja alipanda juu ya paa la kituo cha Gitaru, akaangukia transfoma, na transfoma ikajizima. Kituo kikapoteza zaidi ya megawati 180 kwa mara moja, mitambo mingine ikaelemewa, na nchi nzima ikaingia gizani. Tumbili alipona, na kwa kweli ndiye aliyepata habari njema peke yake siku hiyo. Nimemtaja kwa sababu anaonyesha kwamba Kisumu inaweza kuzimika kwa jambo lililotokea mamia ya kilomita mbali, bila tone moja kupungua kwenye mto Sondu. Gridi zina kinga dhidi ya hali hiyo: swichi za kujiendesha hukata baadhi ya maeneo mara tu mizunguko inaposhuka, ili wachache wakose na wengi wabaki. Kinga hiyo hufaulu pale tu upungufu usipokuwa mkubwa na wa ghafla kupita kiasi.

Kwa hiyo swali lako kwa lugha ya mafundi ni hili: je, gridi inapoporomoka, Kisumu na Sondu Miriu haziwezi kukatwa zikajitenga, zikabaki kama kisiwa chenye umeme wake? Kinadharia inawezekana, na kuna nchi ambazo baadhi ya miji yao imeandaliwa hivyo. Kwa hapa kwetu ni vigumu, na ugumu una sababu mbili zinazostahili kuelezwa kwa utulivu.

Ya kwanza ni hesabu ya wakati ule ule wa kukatwa. Tuchukue mfano wa kubuni tu: tuseme Sondu Miriu inatoa megawati 50, na eneo lililojitenga linatumia 90. Pengo la 40 halisubiri mazungumzo. Mitambo hupungua mwendo ndani ya sekunde chache na kujiondoa, na kisiwa chako kimezama. Sasa geuza: eneo linatumia 25 tu kwa sababu ni usiku wa manane. Maji yanayoingia ni ya megawati 50, mzigo ni nusu yake, turbini zinakimbia kupita kiasi, na zinajiondoa vilevile. Ili kisiwa kisimame ni lazima kuwe na mitambo ya kukata au kuongeza maeneo kwa haraka, iliyopangwa mapema, mtaa kwa mtaa, tena mpango huo ubadilike kulingana na saa na msimu, kwa kuwa mto wa Mei si mto wa Februari. Hakuna fundi anayeweza kuubuni mpango wa namna hiyo usiku wenyewe, huku simu zote zikiita.

Ya pili ni maji yenyewe, na hapa naomba univumilie, kwa kuwa ni jambo ambalo hata wahandisi wanafunzi huwashangaza. Ndani ya lile handaki la kilomita 6.2 mna makumi ya maelfu ya tani za maji yaliyo katika mwendo. Umewahi kumwona hamali mwenye mkokoteni uliojaa magunia akijaribu kusimama ghafla mteremkoni, au kuondoka ghafla akiwa tambarare? Maji yana tabia hiyo hiyo. Ukiifunga njia ya maji kwa haraka, yale yaliyo nyuma huendelea kuja na kusukuma, na msukumo huo unaweza kupasua bomba la chuma. Ndiyo maana vituo vya namna hii hujengewa tangi la wima karibu na mwisho wa handaki, ambalo maji hupanda ndani yake na kushuka hadi mshindo utulie. Na ukiifungua njia kwa haraka ili upate nguvu zaidi, hutokea kioja: kwa muda mfupi wa mwanzo nguvu hupungua badala ya kuongezeka, kwa sababu maji yaliyo mbele yameondoka na yaliyo nyuma hayajapata mwendo, hivyo shinikizo kwenye turbini hushuka. Kidhibiti mwendo kisicho na subira kitaona nguvu zinapungua, kitafungua zaidi, na mambo yatazidi kuyumba.

Kituo kikiwa ndani ya gridi kubwa yenye zaidi ya megawati 2,000, tabia hiyo haidhuru mtu, kwa kuwa mitambo mingine hubeba mabadiliko madogo na Sondu Miriu huachwa itiririke kwa mwendo wake. Ikiachwa peke yake na mji, kila kiwanda kinachowasha mota huyumbisha mizunguko yote. Mto mrefu wenye handaki refu na bwawa dogo ni mfanyakazi mzuri sana akiwa na wenzake, lakini si wa kuachiwa duka peke yake. Huo ndio msimamo wangu, na najua wapo wahandisi watakaosema nimeukaza mno, kwa sababu kidhibiti cha kisasa kikirekebishwa vizuri kinaweza kuendesha kisiwa kidogo. Nakubali kwamba kinaweza. Nisichokubali ni kwamba kinaweza bila maandalizi, na ulichouliza ni kuhusu usiku ule.

Jambo jingine ambalo watu hawalijui ni kwamba kituo cha umeme nacho kinahitaji umeme ili kiamke. Pampu za mafuta yanayosukuma milango ya maji, taa, vyombo vya udhibiti, na ule mkondo mdogo unaotiwa kwenye jenereta ili iwe sumaku, vyote vinataka stima. Gridi ikiwa imekufa, stima hiyo hutoka kwenye betri na jenereta ndogo ya dizeli. Katika hili vituo vya maji ni wepesi kuliko vya mvuke, ndiyo maana kote duniani mara nyingi huwa vya kwanza kuamshwa. Baada ya kuamka, huwezi kuutupia mji wote kwa mkupuo. Mafundi huwasha kwanza njia ndefu isiyo na mtumiaji, wakichunga volti isipande mno, kisha kituo cha kupoozea umeme kama Mamboleo, kisha laini moja ya mtaa, wakangoja mizunguko itulie, kisha nyingine. Wakati huohuo wanaoongoza gridi yote kutoka kituo cha udhibiti cha taifa kilichoko Juja Road, Nairobi, wanataka kila kituo kilichoamka kisaidie kuamsha kingine badala ya kujifungia na mji wake. Upande wetu wa magharibi tuna bahati moja ya ziada, nayo ni njia ya kilovolti 132 inayokuja kutoka Tororo nchini Uganda, ambayo asili yake ni miaka ya 1950, baada ya bwawa la Owen Falls kule Jinja kufunguliwa mwaka 1954 na Kenya kukubaliana na Uganda kununua megawati 30. Gridi ya Kenya ikilala na ya Uganda ikiwa macho, mlango huo unaweza kutumika kuleta uhai.

Na hapa, mama, friza zako mbili zinaingia katika hadithi. Katika siku ya kawaida friza za mji mzima hazifanyi kazi kwa pamoja. Hii inawaka, ile imetulia. Baada ya saa nyingi za giza zote zimepata joto, na umeme ukirudi zote huanza kuvuta kwa wakati mmoja. Mtaa ambao Ijumaa jioni ulikuwa ukitumia kiasi fulani, Jumamosi asubuhi unapowashwa hudai zaidi ya hapo kwa muda. Fundi anayekurudishia umeme analijua hilo, na ndiyo sababu mtaa wa jirani huwaka mapema na wako ukachelewa, au umeme huja dakika tano na kuondoka tena. Watu husema wamechezewa, ilhali kilichotokea ni kwamba mtambo ulionja mzigo ukauona ni mzito kuliko ulivyotarajiwa.

Kuhusu kitakachobadilisha hali, naona tegemeo kubwa liko kwenye njia za kusafirisha umeme kuliko kwenye mabwawa mapya. Kwa miaka mingi Kisumu ilikuwa mwisho wa njia ndefu na dhaifu kupitia Lessos na Muhoroni, hata ikabidi mwaka 2016 mitambo yenye jumla ya megawati 60 ihamishwe kutoka Embakasi hadi Muhoroni, ichome mafuta ghali ili volti ya magharibi isianguke. Njia ya kilovolti 220 kutoka Olkaria kupitia Lessos hadi Kisumu, ambayo nayo ilijengwa kwa mkopo wa Japani, imewekwa ili kuondoa unyonge huo. Haitazuia gridi nzima kuporomoka, lakini itapunguza yale mazimiko ya upande wetu peke yetu. Kisiwa unachokiota kitahitaji kitu kingine, yaani betri kubwa zinazoweza kutoa au kumeza umeme ndani ya sehemu ya sekunde huku maji ya handakini yakijikokota kubadili mwendo. Mahali pa kuziweka, ningeulizwa mimi, ni Kisumu penyewe, karibu na watumiaji.

Tena tutofautishe jambo moja, kwa sababu najua hasara yako haikutokana na usiku mmoja. Umeme unaopotea Dunga mvua inaponyesha, huku Milimani taa zikiwaka, hauhusiani na Sondu Miriu wala na gridi ya taifa. Huo ni mti ulioangukia waya, nguzo iliyooza, transfoma iliyoungua, au fyuzi ya mtaa, na hata kungekuwa na mabwawa kumi Nyakach yasingekusaidia. Ukipiga simu kuripoti, sema kama majirani wa upande wa pili wa barabara wana stima au hawana. Taarifa hiyo moja humwonyesha fundi pa kuanzia.

Kwa friza zenyewe: iliyojaa samaki waliogandishwa, ikiachwa bila kufunguliwa, huweza kukaa kama saa 48 kabla samaki hawajaanza kuyeyuka, iliyojaa nusu, kama saa 24. Kwa hiyo usigawe samaki wachache kwenye friza mbili. Wajaze katika moja, na nafasi inayobaki iweke chupa za plastiki zenye maji ya chumvi ambazo zimekwisha kuganda. Umeme ukipotea, chomoa plagi zote mbili mara moja. Ukirudi, usikimbilie kuchomeka: ngoja dakika kumi hivi, uone kama taa zimetulia na hazipwesi, kisha chomeka ya kwanza, na baada ya dakika chache ya pili. Kompresa yako haitapigwa na volti inayoyumba, na laini ya Dunga itakuwa na friza mbili pungufu katika zile dakika ambazo fundi anahofia kuipoteza tena.